Utumie Usitumie, Utalipa: Kilichosahaulika Katika Kesi ya Makaa ya Mawe Lamu

"Kesi mmeshinda. Haya, washeni taa."

Nilisikia maneno hayo barazani Mkomani, mjini Lamu, jioni moja stima ilipokatika. Zilikuwa zimepita wiki chache tangu Oktoba 2025, pale Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilipokataa rufaa ya kampuni ya Amu Power na kuuacha mradi wa Kwasasi, Lamu, wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, bila leseni. Msemaji alikuwa muuza samaki, mtu mzima, na barafu yake ilikuwa ikiyeyuka. Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana. Hoja yake ina uzito, na jibu alilopewa pale pale, la bahari, mikoko, watalii na mji wa urithi wa dunia, silo ambalo ningempa mimi.

Tuanze na upande wake, maana wanaopinga makaa ya mawe hapa kwetu wana tabia ya kuwaona wenzao kama watu waliohongwa. Si kweli. Sisi wa Amu, yaani Lamu, tulikulia kwenye mngurumo wa jenereta za dizeli kabla laini ya kutoka Rabai, kupitia Malindi na Garsen, haijatufikia. Mtu aliyekulia hivyo akiambiwa megawati 1,050 zitajengwa karibu na mji wa Hindi, lazima masikio yamsimame. Kuna vijana wasio na kazi. Kuna mgao wa umeme, ambao Rais Ruto mwenyewe amekiri hadharani: kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo ya nchi huzimiwa kwa zamu. Na jua halikubali kusubiri. Mtambo wa sola wa Langobaya, nyuma ya Malindi, hutoa hadi megawati 40 mchana, kisha saa moja usiku, kila nyumba ikiwasha taa na runinga, hautoi kitu.

Juu ya hayo huja hoja ya haki. Kenya haifikishi hata sehemu moja kwa mia ya gesijoto za dunia. Ujerumani ilijenga viwanda vyake kwa makaa ya mawe, na mwaka 2022 gesi ya Urusi ilipokatika ikaamsha mitambo ya makaa iliyokuwa imelazwa, bila kuomba radhi kwa mtu. Kwa nini basi mzigo wa tabianchi abebeshwe Mwamu? Hapa sina ubishi. Naona hata wanaharakati wetu hukosea wanapoanza mazungumzo na theluji ya ncha ya kaskazini. Mtu ambaye barafu yake mwenyewe inamtiririka mkononi hana machozi ya kulilia ile ya ncha ya dunia.

Lakini kuna ukurasa mmoja wa mradi ule ambao haukuhusu theluji wala kasa wala mikoko. Ulihusu pesa, na ndio uliosomwa kidogo kuliko yote.

Mkataba wa kuuza umeme ulikuwa wa utumie usitumie, utalipa. Mtambo ukisimama tayari kufanya kazi, Kenya Power, kampuni inayotusambazia umeme, ingedaiwa ada ya uwezo hata kama hakuna yuniti moja iliyochukuliwa. Taasisi ya IEEFA, inayochambua uchumi wa nishati, ilipofanya uchambuzi wake mwaka 2019 ilikadiria ada hiyo kuwa dola milioni 360 kwa mwaka, kwa miaka 25. Jumla, dola bilioni 9. Kweli, IEEFA hawapendi makaa ya mawe na hawafichi. Na kweli pia kwamba wenye mradi walikuja na bei tamu, chini kidogo ya senti 8 za dola kwa yuniti. Ila bei ile ina maana tu mtambo ukichapa kazi karibu muda wote. Ukilala nusu ya mwaka, deni halilali, na yuniti chache zinazotoka hubeba mzigo wa zile ambazo hazikutoka.

Ngoja nikae hapa kidogo, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Dola milioni 360 kwa mwaka ni karibu dola milioni moja kila siku ya Mungu, Ijumaa na Idi zikiwemo. Mwaka 2019 dola ilipokuwa shilingi mia na kitu, hiyo ilikuwa kama shilingi bilioni 37. Mwanzoni mwa 2024 dola ikapanda hadi 160: deni lile lile, mtambo ule ule, sasa ni bilioni 58. Kwa dola ya shilingi 129 ni bilioni 46 hivi. Yaani tungekuwa na bili inayopanda kwa sababu ya mambo ya Nairobi na New York, huku hapa Lamu hakuna aliyewasha hata balbu ya ziada. Gawanya bilioni 46 kwa mita milioni 10, unapata shilingi 4,600 kila mita, kila mwaka. Ni wastani tu, wenye viwanda wangebeba zaidi. Lakini mfikirie yule anayenunua tokeni za shilingi hamsini.

Na je, tungeutumia? Hapa ndipo mahali pa kuwauliza waliopanga. Serikali ya Jubilee, ya Uhuru Kenyatta, ilipoingia 2013 ilitangaza kuongeza zaidi ya megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Kwasasi ilizaliwa katika hesabu hiyo. Kufikia 2019, Baraza la Rufaa za Mazingira lilipofuta leseni ya mradi, kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa hakijafika megawati 2,000. Leo kimepita 2,300. Mtambo mmoja wa Lamu ungekuwa zaidi ya nusu ya umeme wote ambao Kenya ilihitaji mwaka ule wa 2019 katika saa yake ya shida kubwa kabisa. Saa nane za usiku mambo ni mabaya zaidi, kwani watu wamelala, na mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria, Naivasha, hulazimika kuachia mvuke upotee hewani kwa kukosa wa kuununua. Ungeweka mgeni wa megawati elfu anayelipwa atake asitake, ungemnyima nani kazi? Ule mvuke wa Naivasha, ambao ni wetu na hauagizwi kwa meli. Makaa ya kwanza yalikuwa yatoke Afrika Kusini.

Sisemi kwamba upande wa nishati jadidifu una mikono safi. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikamilika 2017, na laini ya kuufikisha umeme ule Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Kwa kucheleweshwa kule mlipakodi alitozwa mabilioni ya shilingi, kwa upepo uliovuma jangwani bila kumwashia mtu taa. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni kipimo: Kwasasi ingekuwa kubwa mara tatu na zaidi, na juu ya ada kuna makaa ya kununua, ambayo upepo hauyahitaji.

Ndiyo maana ile hadithi kwamba Waamu walikataa maendeleo kwa ajili ya samaki hunikera. Wavuvi walikuwa na sababu ya kutoamini ahadi. Uchimbaji wa bandari ya Lamu uliwaharibia maeneo yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Lakini kwa kung'ang'ania kwao, mtu wa Kakamega na wa Embu wameokolewa bili ambayo hawakujua inawajia. Hakuna aliyewaambia ahsante. Baraza lile lenyewe liliamua kwa sababu za sheria: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirukwa. Hesabu ya pesa haikuwa ndiyo kesi. Walioifanya ni wenye benki. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa mwishoni mwa 2019, benki ya ICBC ya Uchina ikafuata 2020, na General Electric, waliokuwa waweke hisa, wakatangaza kuachana na mitambo mipya ya makaa ya mawe. Sera ya tabianchi ambayo tuliambiwa ni anasa ya wazungu iliingia sokoni kwa mlango wa mkopo.

Mwishoni mwa 2025 Bunge liliondoa marufuku ya mikataba mipya ya kununua umeme. Kwa hiyo kalamu zitatoka tena: mvuke, jua lenye betri za kuvusha jioni, upepo, na ule mtambo wa nyuklia waliotaka kuuweka Uyombo kabla watu wa Kilifi hawajasimama, wakauelekeza Siaya.

Yule muuza samaki nilimkuta tena asubuhi, gatini, na nikamtolea hesabu ya mita. Alisikiliza hadi mwisho, akiosha sanduku lake.

"Elfu nne na mia sita. Kwa kitu hukukitumia."

"Ndiyo, ami."

Akafikiri. "Na ule upepo wa Baharini, kule Mpeketoni, megawati tisini, ambao kila siku ni ugomvi wa ardhi. Mwanangu, huo mkataba wake umeusoma?"

Nikamwambia bado.