Bosi, Herufi Yako Imedondoka

Mfukoni nilikuwa na milioni 9, kichwani mashindano ya magari. Kwa hela hiyo hapa Dar nilibakiwa na mawili: Subaru Impreza WRX yenye turbo, au Toyota Altezza RS200. Wiki tatu sikulala. Mke wangu akiuliza tupike nini, namjibu habari za turbo.

Subaru niliiendea na fundi. Ilipowashwa, ule mngurumo wa ekzosi ulinilegeza magoti. Kuku wa jirani walitawanyika. Fundi akaingia uvunguni, akatoka na kidole cheusi tii kwa oili.

"Mwenyewe anasema inatoa jasho tu," nikamwambia.

"Jasho la nini, na imeegeshwa tangu asubuhi?"

Akanieleza kwamba injini ya boksa pistoni zake zimelala ubavu, zinarushiana ngumi kulia na kushoto, na plagi zimejibana huko pembeni, mkono kuingia ni taabu. Nikamlipa elfu 50 yake kwa uchungu.

Ndiyo maana kwenye Altezza sikumwita. Elfu 50 nyingine ya nini? Toyota ni Toyota. Dashibodi ina mishale ndani ya mishale kama saa ya tajiri, taa za nyuma ndizo zile zilizoigwa mpaka zikachosha, na kwenye buti RS200 inameremeta. RS ndiyo yenye injini ya 3S ambayo Yamaha waliitia mkono, nguvu za farasi 210. "Mkuu, ukiikanyaga inalia kama pikipiki," dalali akanipulizia. Nikalipa milioni 8 na nusu.

Jumapili nikaipeleka ukweni. Baba mkwe ana Toyota Mark II GX110, anaiendesha kama aliyepakia trei za mayai. Nikamwambia, "Baba, siku moja nikupakie uone gari linavyokwenda." Akatabasamu, akanywa chai yake. (Kwenda kwenyewe wapi? Mjini mwisho spidi 50, na nilishapigwa tochi mara mbili, elfu 30 kila moja.)

Mwezi wa pili nikaenda kuosha gari. Kijana wa mashine ya maji akanifuata kwenye benchi, kafumbata kitu.

"Bosi, herufi yako imedondoka."

Ilikuwa R, nyuma ina gundi iliyokauka kama kamasi. Nikaenda kuangalia buti. Pale ilipobanduka, rangi ilikuwa mpya kuliko kwingine, na huo upya ulikuwa na umbo. A.

Safari hii fundi nilimwita mwenyewe. Akafungua kifuniko cha injini, akahesabu kwa ncha ya bisibisi: silinda sita. Kwa sekunde kama tatu nilifurahi, nikidhani nimezidishiwa.

"RS ina nne, kaka. Hii ni AS200. Injini ya 1G, farasi 160."

Farasi 50 niliowalipia sijui walishukia bandari gani.

"Ila usijali, vipuri vyake utapata," akanifariji. "Ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye Mark II GX110."

Nani alimpelekea baba mkwe habari, sijui. Namshuku mke wangu. Jumapili iliyofuata mzee alinipokea mlangoni na kiboksi mkononi, uso mkavu kabisa.

"Mwanangu, nilinunua plagi zikabaki. Ziko sita. Zitakuenea."