Daraja la nyumba: Mombasa tupime joto

Friji ikiwa dukani ina karatasi ya nyota ubavuni, moja hadi tano. Nyota zikizidi, umeme unaoliwa unapungua. Kanuni za nishati za Kenya za 2016 ndizo zilizotuletea utaratibu huo. Lakini nyumba itakayowekwa friji hiyo haina karatasi yoyote. Mpangaji anaoneshwa vyumba, choo na mita ya tokeni za umeme, analipa kodi na dipoziti, kisha joto la Machi likifika ndipo anapoijua nyumba aliyoingia.

Mimi ya kwangu niliijulia Kisauni, ghorofa ya juu kabisa. Saa nne usiku ukiweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi unakuta jua la alasiri bado limo ndani yake. Feni ilizungusha hewa ile ile ya moto, watoto tukawalaza sakafuni, na tokeni za wiki hazikumaliza wiki.

Uingereza na Wales, nyumba inayouzwa au kupangishwa huwa na cheti cha daraja la matumizi ya nishati, A (bora) hadi G (duni), kinachodumu miaka 10. Tangu Aprili 2020 iliyo chini ya E haipangishwi, isipokuwa yenye msamaha. Napenda wazo hilo, maana kwetu anayeezeka paa siye anayenunua tokeni. Mwenye nyumba akiweka dari chini ya mabati, nafuu inakwenda kwa mpangaji; asipoweka, hapotezi kitu. Cheti kingempa sababu ya kuweka, kwani nyumba yake ingejulikana.

Wenye nyumba nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Wengi si matajiri. Mjane wa Majengo mwenye vyumba sita vya kupangisha atatoa wapi ada ya mkaguzi, achilia mbali gharama ya kurekebisha? Akilazimishwa ataipandisha kodi, na atakayeilipa ni yule yule tuliyetaka kumsaidia. Kwa hiyo marufuku ya kupangisha siiungi mkono kwa sasa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kipimo chenyewe. Vyeti hivyo vya Uingereza vimeundwa hasa kwa baridi, kuzuia joto lisitoke. Sisi tunataka lisiingie, na likiingia lipate njia ya kutoka. Nyumba ya Mji wa Kale, yenye kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti iliyo juu na madirisha ya mbao yanayopokea upepo, inakalika bila kiyoyozi. Kipimo kinachohesabu mashine na vioo kinaweza kuipa alama mbaya, kikaisifu fleti ya Nyali iliyofungwa kila upande kwa sababu kiyoyozi chake ni kipya.

Tuanze na fleti za kupangisha. Kipimajoto kiwekwe chumbani saa nne usiku, mwezi wa Machi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na namba itakayopatikana iandikwe kwenye mkataba kabla mpangaji hajatoa dipoziti.