Miongozo ya gemu iliyochapishwa: ramani hudumu, takwimu huchakaa

Novemba 2018, Prima Games, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikichapisha vitabu vya mwongozo wa gemu tangu 1990, ilitangaza kwamba inaacha kazi hiyo, ikiwa imeshaunganishwa na mshindani wake mkuu, BradyGames, mwaka 2015. Kwa wengi habari hiyo ilifunga mjadala: ikiwa maelezo yote yapo mtandaoni bure, ya nini kununua kitabu? Hoja hiyo ni nzito, ila inachukulia kwamba vitabu hivyo vilikuwa na kazi moja tu.

Udhaifu wa vitabu hivyo haufichiki. Vitabu vya zamani vilitakiwa viwe dukani siku ileile gemu inapotoka, hivyo waandishi walilazimika kutegemea toleo ambalo watengenezaji walikuwa bado wanalirekebisha, na makosa yakapenya hadi kiwandani. Kioja kikubwa zaidi ni kitabu cha BradyGames cha Final Fantasy IX, cha mwaka 2000. Msomaji aliyekwama alikuta, mahali palipostahili kuwa na maelezo, neno la kuandika katika tovuti ya PlayOnline ndipo apewe mbinu iliyobaki. Yaani ameshalipia kitabu, na bado anaambiwa aende kuwasha kompyuta. Leo maneno hayo hayamfikishi popote. Wakati huohuo, tangu 1995, wachezaji walikuwa wakiandikiana miongozo ya bure kwenye tovuti ya GameFAQs, na kosa lililogunduliwa leo liliweza kusahihishwa kesho. Kwa gemu kama Fortnite, inayobadilika msimu hadi msimu, kitabu hakina hata pa kuanzia.

Lakini mtandao nao una gharama zake. Anayetaka kujua ufunguo wa mlango fulani uko wapi hupelekwa kwenye video ya dakika kumi, asubiri matangazo, asikilize salamu, kisha apate jibu la sekunde chache, pengine baada ya kuonyeshwa mwisho wa hadithi ambao hakutaka kuujua. Zaidi ya hayo, mtandao hujibu lililoulizwa, na mchezaji mgeni mara nyingi hajui la kuuliza. Hapo ndipo kitabu kilichohaririwa vizuri kinapojitetea. Future Press, wachapishaji wa Ujerumani, walitoa juzuu la kwanza la mwongozo wa Elden Ring miezi kadhaa baada ya gemu yenyewe kutoka Februari 2022. Kwa mfanyabiashara wa enzi za Prima, kuchelewa hivyo kungekuwa hasara tupu. Kwa msomaji ni faida, kwa sababu kilichoandikwa kinatokana na gemu ileile aliyo nayo mkononi. Ukiufungua ukurasa wa eneo moja, unaona njia, maadui na vitu vilivyofichwa kwa pamoja, na jicho linaangukia pango ambalo usingewahi kulitafuta.

Sidai kwamba karatasi hushinda kila mahali penye ramani. The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ya mwaka 2017, ina mbegu 900 za Korok, viumbe wadogo wa msituni, zilizotawanywa katika nchi nzima ya gemu, na kwa kazi hiyo ramani ya mtandaoni inayokuruhusu kuweka alama kwenye kila mbegu uliyokwisha kuokota ni bora kuliko kitabu, labda uwe tayari kukichorachora kwa penseli. (Wakusanyaji wa vitabu hivi wataniona mshenzi kwa kulitaja hilo.)

Kwa hiyo anayefikiria kununua aangalie kwanza kurasa za kitabu zimejaa nini. Nguvu za silaha na uhai wa maadui hubadilishwa na masasisho, na Elden Ring imepata mengi, pamoja na nyongeza kubwa ya Juni 2024. Majedwali ya juzuu la kwanza yasomwe kwa tahadhari. Milima, mapango na njia za nchi ya gemu ya awali, kabla ya nyongeza hiyo, hata hivyo, ziko palepale zilipochorwa, na kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni hizo bado kina thamani ya fedha yake.