Namba 17 Inatembea

Mwenye mashua mmoja pale Kunduchi alitaka vipimo vya mashua yake, mita 9 kwa urefu, ili achongewe pacha wake. Nikajigamba: sitaki kamba wala ngazi, mimi napima kwa picha. Ngazi ndiyo hasa siitaki. Hata Mjerumani Albrecht Meydenbauer, mwaka 1858, nusura aanguke kutoka kwenye kanisa la Wetzlar akilipima, ndipo akawazia kamera. Tuko waoga wa aina moja.

Nikabandika stika 40, kila moja na duara katikati, pete iliyokatwakatwa kama kitambulisho, na namba pembeni.

"Hizo hirizi umeandikiwa wapi?" akauliza mzee fundi.

"Ni alama tu, mzee wangu. Nazipiga picha kutoka pande zote. Alama ikionekana kwenye picha kadhaa, kompyuta inajua ilipo, haikosei hata milimita. Ilimradi isisogee."

"Mashua iko juu ya magogo, itasogea iende wapi?"

Kweli. Lakini mbao zilikuwa zimepakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo hata ukioga mara mbili jirani bado anajua ulikotoka. Stika zilishikilia kwa imani tu.

Usiku, nyumbani Sinza, kwenye kompyuta alama 39 zilitulia kama maji ya mtungini. Namba 17 ilikuwa inaelea hewani, mita mbili nje ya mashua. Nikailaumu lenzi. Nikarekebisha kamera upya. Nikarudia hesabu; safari hii 17 ikazama mchangani chini ya mkuku. Saa nane usiku nikaanza kufungua picha mojamoja.

Picha ya 12: namba 17 iko ubavuni, pembeni yake mzee ameegemea kivulini, anafuta jasho. Picha ya 23: mzee ameinama anatia kalafati, anaziba nyufa za mbao, 17 iko katikati ya mgongo wake. Picha ya 31: mgongo uleule unanunua kahawa.

Asubuhi nikampigia.

"Shikamoo mzee. Lile shati la jana bado unalo?"

"Marahaba. Ninalo mwilini. Kwani nini?"

"Kuna stika yangu mgongoni."

Kimya. Halafu akaangua kicheko.

"Kumbe! Ndiyo maana jana kijiweni wananiuliza nimesajiliwa Simba au Yanga."