Baiti ngapi? Kerneli inauliza swali lisilo na jibu

Programu yako inahitaji kumbukumbu kiasi gani? Nimeandika programu kwa miaka mingi na swali hili bado linanishinda. Nafanya kama wafanyavyo wengi: natazama ilifika wapi siku ilipokula zaidi, naongeza kidogo juu yake, halafu naomba Mungu. Sasa kama kila anayeulizwa anabahatisha, mwenye kosa ni aliyeuliza, na hapa aliyeuliza ni kerneli, kiini cha mfumo endeshi (kama Linux) kinachozigawia programu kumbukumbu.

Zamani tulikuwa na setrlimit, njia ya kuiambia kerneli iiwekee programu mipaka. RLIMIT_AS inabana anwani, si kumbukumbu halisi, na programu inaweza kujitengea anwani za gigabaiti tele bila kuzigusa. RLIMIT_RSS, ambayo kwa jina lake inabana kumbukumbu halisi na ndiyo hasa tuliyoitaka, kwenye Linux ya leo haifanyi lolote. Unaiweka, kerneli inaipokea kwa adabu zote, basi.

Mwaka 2008 zikaja cgroup, yaani makundi ya michakato (programu zinazoendeshwa) yanayowekewa mipaka kwa pamoja, kazi iliyoanzia Google mwaka 2006, na toleo moja la Linux baadaye kidhibiti cha kumbukumbu kikafuata. Hapo tukapewa memory.limit_in_bytes, kikomo cha kundi. Ukifika kwenye kikomo, kerneli inajaribu kukomboa kurasa (vipande vya kumbukumbu) za kundi lako. Ikishindwa, inaua mchakato. Niliwahi kuiwekea huduma yangu moja megabaiti 512 kwa kuwa wiki nzima haikuwahi kupita 400. Usiku mmoja ikaanza kuandaa ripoti ndefu kuliko kawaida, ikauawa katikati. Kilichoniudhi si kufa kwake. Mashine ile ilikuwa na gigabaiti kadhaa zimekaa bure wakati huohuo.

Ndiyo maana naipima namna ya kudhibiti rasilimali kwa jambo moja: mtumiaji akikosea hesabu kidogo, atalipa nini? Katika toleo la kwanza la cgroup alilipa kwa uhai wa programu. Toleo la pili, lililotangazwa rasmi katika Linux 4.5 mwaka 2016, lina memory.min na memory.low za kumlinda mtu asinyang'anywe, na memory.high na memory.max za kumzuia. Kwangu mimi memory.high ndiyo lulu. Ukiivuka, unapunguzwa kasi na kulazimishwa kukomboa kurasa zako mwenyewe, lakini huuawi kwa sababu yake. Umekosea megabaiti 50? Utachelewa kidogo, na msimamizi atapata muda wa kuona.

Ataonaje? Hapa kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote: memory.pressure, iliyokuja na Linux 4.20 mwaka 2018. Haisemi umetumia baiti ngapi. Inasema ni asilimia ngapi ya muda, katika sekunde 10, 60 na 300 zilizopita, kazi zako zilisimama zikingoja kumbukumbu. Yaani inapima maumivu, na maumivu tunayaelewa. Kundi linaweza kujaza kikomo chake kwa nakala za mafaili yaliyosomwa mara moja na lisisikie chochote. Lingine likawa nusu tu ya kikomo huku linahema.

Linganisha na swappiness, kitasa cha kerneli (mpangilio wa kugeuzwa na mtumiaji) chenye namba iliyoishia 100 hadi Linux 5.8 ilipoifikisha 200. Wangapi wanaamini ni asilimia ya kumbukumbu inayotakiwa kujaa kwanza? Siyo. Inaieleza kerneli kurudisha kurasa kutoka swopu (sehemu ya diski zinakohamishiwa kumbukumbu ikibana) kuna gharama gani ukilinganisha na kusoma mafaili upya. Huo ni utumbo wa kerneli umeanikwa nje, na maji yakimwagika hayazoleki: kanuni ya Linux ni kutovunja programu za watumiaji, kwa hiyo kitasa kibaya kikishatoka kinabaki.

Wapo wanaolalamika kwamba ukurasa unaotumiwa na makundi mawili hudaiwa yule aliyeugusa kwanza, mwenzake akala bure. Kweli, si haki. Ila kugawana deni kwa usahihi kungeongeza gharama ya hesabu kwa kila anayeugusa, na mimi nakubali dhuluma hiyo ndogo.

Lawama yangu kwa memory.high ni nyingine. Ukiiweka chini mno, programu inakuwa mzimu: ipo kwenye orodha ya michakato, haijibu wateja, haifi ili ianzishwe upya. Kerneli inaacha mtu mwingine, kama programu ya systemd-oomd, asome maumivu na kuamua nani aondoke. Ukiweka high bila kumweka msomaji huyo, afadhali max.