Sindano ya ganzi na kifuniko chake: tusimwite mtu mzembe haraka hivyo

Semina za kinga ya maambukizi zote zinatufundisha neno moja, sindano ikishatumika usiirudishie kifuniko, itupe kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la vitu vyenye ncha kali, basi. Ndio maana mtu wa kliniki ya meno akijichoma, swali la kwanza ni "kwani ulikuwa unarudishia kifuniko?" Akisema ndiyo, kesi imeisha, ni mzembe.

Katazo lenyewe silipingi. Wodini lina mantiki kabisa, bomba la plastiki unachoma mara moja halafu vyote vinaingia boksini, kifuniko cha nini tena? Na ni kweli wengi wamejichoma kidole cha mkono ulioshika kifuniko, hilo halina ubishi.

Ila njoo kwenye kiti cha meno uone. Bomba letu ni la chuma, linapikwa kwenye otokilevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, na kutumika tena, ndani kuna katriji, yaani kichupa cha dawa ya ganzi, cha mililita 1.8, na sindano yenyewe ina ncha mbili, moja ya kwenye fizi na nyingine inayotoboa katriji. Huwezi kutupa bomba zima, lazima uifungue sindano kwa kuizungusha, sasa uizungushe ikiwa uchi? Halafu ganzi ya magego ya chini mara nyingi haishiki mara moja, unasubiri, mgonjwa anakwambia daktari bado nasikia, unaongeza. Hizo dakika zote sindano imelala wapi? Kwenye trei, pale pale msaidizi anapopitisha mkono kuchukua kioo.

Kwangu mimi kosa ni ule mkono wa pili. Laza kifuniko kwenye trei, kichote kwa sindano kwa mkono mmoja, kikishaingia ndio ukikaze, na kishikio cha kusimamishia kifuniko kama kipo ndio bora zaidi. Hata kanuni za Uingereza za 2013 zinakataza kurudishia kifuniko isipokuwa pale tathmini inapoonyesha kwamba kufunika ndiko kunakopunguza hatari, na Marekani nako mkono mmoja unaruhusiwa pasipo na njia nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba lawama zinawafunga watu midomo. Mtu anaosha kidole, anavaa glavu nyingine, anaendelea na mgonjwa anayefuata, na saa 72 za kuanza dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, zinakwenda hivi hivi. Tena hofu yote iko kwenye UKIMWI. Chukua watu 1000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, bila dawa wataambukizwa kama 3. Sasa chukua 1000 wasio na chanjo, damu iwe ya mwenye homa ya ini B, virusi vikiwa vimechachamaa wanaweza kufika hata 300. Mia tatu jamani! Na hiyo ndiyo yenye chanjo, dozi 3 ndani ya miezi 6, lakini Tanzania watoto wameanza kuipata 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo kama hajachanjwa ukubwani hana kitu.

Kwa hiyo kabla ya kumuuliza mtu habari za kifuniko, muulize kama ameshaenda kupimwa na kuanza dawa, na dozi zake zote 3 anazo? Na muulize pia yule anayeosha vyombo, maana bomba la ganzi hajawahi kulishika lakini sindano zilizosahaulika kwenye trei anakutana nazo yeye.