Maharage Hayajui Kwamba Una Njaa

Kuna watu hukaa wakakwambia chakula cha bei poa ni rahisi. Kukinunua, sawa, ni rahisi. Kukipika ndiko kunakotoa jasho. Ile hela uliyookoa dukani unakuja kuilipa jikoni kwa muda, kwa gesi na kwa magoti. Kipande cha nyama laini unakitupa kwenye kikaango, robo saa nyingi, watu wanakula. Maharage yanataka yapewe taarifa tangu jana.

Na nani anajua leo usiku kwamba kesho jioni mfuko utakuwa umekauka? Mapishi yote yanaanza na "loweka usiku kucha", na unalisoma neno hilo saa kumi na mbili jioni, tumbo linanguruma, watoto wanachungulia sufuria tupu. Basi kwa waliochelewa, njia ipo ingawa haisemwi kwa sauti: chemsha maharage yaliyooshwa dakika 2 au 3, zima moto, funika, acha saa moja. Yatavimba vya kutosha. Bado utakula saa tatu usiku, lakini si kesho.

Aliyewahi kupanga mambo yake, hongera, achukue nusu kilo. Kwanza achambue. Mwaga maharage kwenye sinia, sukuma kidogo kidogo kwa kidole. Yaliyokunjamana weka kando, yenye matundu weka kando, na lile jiwe lenye rangi ileile ya maharage, maana lazima lipo, litafute mpaka lijitokeze. Ukilikosa hapo utalipata baadaye kwa jino. Halafu maji lita 2 na chumvi kijiko kimoja cha chakula na nusu, saa 8 hadi 12.

Hapa kwenye chumvi ndipo majirani wanapoanza kupiga kelele. "Chumvi inakaza maharage!" Haikazi. Ganda la harage linashikiliwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu, na chumvi ya kwenye maji ya kulowekea inaingia na kuchukua nafasi ya sehemu ya hayo madini, ganda likalegea badala ya kukakamaa na kupasuka. Mkazaji halisi ni nyanya. Nyanya, ndimu, siki, chochote chenye uchachu. Ukitia nyanya mwanzoni, maharage yanagoma, na unaweza kuchemsha mpaka gesi iishe na bado yakalia kwenye meno. Maji yenye chokaa nyingi yanafanya vitimbi hivyohivyo. Lakini chumvi ndiyo inayosingiziwa, kwa sababu haina wa kuitetea.

Maji ya kulowekea yamwage. Usione uchungu. Ndani yake kuna sehemu ya zile sukari ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzimeng'enya, zikifika utumbo mkubwa bakteria wanazishangilia, na matokeo yake kila mtu chumbani anayajua ila hakuna anayekiri. Injika na maji mapya, yapite juu ya maharage kwa vidole viwili.

Yakishatokota, usipunguze moto haraka. Yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 nzima, hasa yale mekundu makubwa. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, na punje 4 au 5 ambazo hazijaiva zinaweza kukutapisha ndani ya saa 1 hadi 3. Moto wa chinichini hauiui. Wale wenye vyungu vya umeme vya kupika polepole, ambao wanatupia maharage mekundu makavu asubuhi na kwenda zao kazini, hao ndio wanaotafuta matatizo kwa umeme wao wenyewe. Chemsha kwanza kwenye sufuria, kisha hamisha.

Baada ya hapo punguza, acha yatokote polepole. Yataiva lini? Hapo ndipo ugomvi ulipo. Maandishi yanasema saa moja. Kweli, kama ni mapya na yamelowekwa, dakika 45 hadi saa moja na nusu. Lakini maharage yaliyokaa ghalani mwaka na zaidi, kwenye joto na unyevu, yana kiburi cha peke yake. Saa mbili, saa tatu, yanakutazama tu. Na muuzaji hakwambii umri wake. Yakigoma hivyo, robo kijiko cha chai cha magadi soda kwa nusu kilo kitayalainisha. Robo, nimesema. Ukizidisha yanageuka uji wenye ladha ya sabuni, na vitamini B1 nyingi inaharibika.

Kuonja nako kuna adabu. Harage moja ni mwongo. Unalitoa, unalibonyeza, laini kabisa, unaepua kwa furaha, halafu mezani kila mtu anakutana na magumu. Onja matano, kutoka juu, chini na pembeni. Likiwepo hata moja lenye kiini kigumu cheupe, rudisha mfuniko. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Ya baridi yanazima mchemko na unaanza kulipia gesi upya.

Mwenye sufuria ya presha huyu ndiye mfalme wa mwisho wa mwezi. Maharage yaliyolowekwa, robo saa hivi baada ya presha kupanda, yameiva. Sharti moja: maharage na maji yasizidi nusu ya sufuria, na tia kijiko kimoja cha mafuta. Povu la maharage linapanda mpaka kwenye tundu la kutolea mvuke na kuliziba, na sufuria ya presha iliyozibwa si kitu cha kusimama nacho chumba kimoja.

Haya, yameiva. Sasa kuyaunga. Na hapa naomba wanaoandika mapishi wote wajipange mstari, maana kuna uongo mmoja wanaurudia bila aibu: "kaanga kitunguu dakika 5 mpaka kiwe cha kahawia." Dakika 5! Ndani ya dakika 5 kitunguu kimelegea na kinatoka jasho tu. Vitunguu 2 vikubwa, mafuta vijiko 3 vya chakula, moto wa wastani, dakika 10 ndiyo unaanza kuona dhahabu kwenye kingo. Ukitaka kahawia ya kweli, ile yenye utamu, ni nusu saa na zaidi. Ukiongeza moto ili kuharakisha, kingo zinaungua na katikati pabaki pabichi, na uchungu ule hautoki hata ukitia sukari. Kikianza kushika chini, nyunyiza kijiko kimoja cha maji, kwangua kwa mwiko, endelea. Ile rangi iliyoganda chini ndiyo ladha yenyewe, na haikugharimu kitu.

Kitunguu saumu kinaingia mwisho, nusu dakika. Kinaungua upesi kuliko mtu anavyofika kuitikia simu. Bizari na viungo vingine vitie kwenye mafuta wakati huohuo, kwa sababu harufu yake inatoka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kisha nyanya 3 zilizokatwakatwa, chumvi kidogo, na subiri mpaka mafuta yaanze kujitenga pembeni. Mkikoroga nyanya mbichi na maharage mnapata mchuzi wenye uchachu wa kukunja uso, halafu mnalaumu nyanya.

Mimina maharage na maji yake kiasi. Chota upawa mmoja, yabane kwenye ukuta wa sufuria kwa mgongo wa mwiko mpaka yapondeke, koroga. Rojo inakuwa nzito papo hapo, bila unga, bila krimu, bila hela. Acha yachemke pamoja dakika 10 au 15.

Chumvi ikizidi, usianze kutupia viazi. Hii imani ya kwamba kiazi kinanyonya chumvi imepotezea watu viazi vingi. Kiazi kinanyonya maji yenye chumvi, na mchuzi uliobaki ni wa chumvi ileile. Dawa ni kuongeza kitu kisicho na chumvi: maharage mengine, maji, au wali mtupu pembeni.

Wali nao una mambo yake. Kila pakiti ina hesabu yake ya maji na zote zinazozana. Ukweli ni kwamba mchele wenyewe unakunywa takriban kikombe kimoja cha maji kwa kikombe kimoja, na ya ziada yote ni mvuke. Sasa mvuke hautegemei wingi wa mchele, unategemea sufuria yako, mfuniko wako na moto wako. Ndiyo maana ukipika kikombe 1 kwa maji 2 unatoka vizuri, na wageni wakija ukapika vikombe 4 kwa maji 8, unapakua bokoboko. Kwa vikombe 4 anza na maji 5 hivi, mfuniko ukiwa umekaa sawasawa.

Osha mara 3 au 4 mpaka maji yaache kuwa meupe, maana ule unga ndio unaogandisha punje. Injika na maji yake. Yakichemka, punguza moto kabisa, funika, dakika 12 hadi 15, zima, acha dakika 10 bila kugusa. Bila kugusa! Lakini katika kila nyumba kuna mtu mmoja ambaye hawezi kupita jikoni bila kufunua. Hapiki, hasaidii, hana swali. Anafunua tu, anaangalia, anafunika nusu, anaondoka. Mvuke wote wa juu unakwenda naye, na punje za juu zinabaki mbichi. Wali ukiwa hivyo, nyunyiza vijiko 3 vya maji ya moto, funika, dakika 5 moto mdogo. Ukiungua, usikwangue chini wala usikoroge. Hamisha wa juu kwenye sufuria nyingine, haraka, kabla harufu ya moshi haijapanda.

Kiporo cha wali ni mali, ila kina masharti. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Wali ukilala mezani, zinaamka na kutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utapasha mpaka ufuke moshi na bado utatapika. Tandaza kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na kesho yake umalizwe. Kesho hiyohiyo punje zimekauka na kukaza, kwa hiyo ndio wakati wa kuukaanga na kitunguu, kabichi iliyokatwa nyembamba na yai moja. Ukikaanga wa moto unapata donge.

Asiyeweza kusubiri maharage kuna adesi, zile nyekundu ndogo zilizopasuliwa. Hazilowekwi. Kikombe 1, maji 3, dakika 20, zimeiva, na huo ndio uungwana pekee nilioukuta kwenye rafu ya nafaka. Kasoro hazikosi: zinatoa povu linalomwagika jikoni punde tu ukigeuka, kwa hiyo usifunike kabisa, na zinashika chini kama huzikorogi. Zikipoa zinakaza mpaka mwiko unasimama wenyewe. Ongeza maji ya moto wakati wa kupasha, na ndimu mwisho kabisa.

Kabichi sina mengi nayo. Kata nyembamba, moto mkali, dakika 5 hadi 7, epua. Anayeichemsha nusu saa ndiye anayejaza nyumba harufu ile ya salfa, kisha anasema kabichi ni chakula cha shida. Viazi vianze kwenye maji ya baridi ili viive sawasawa ndani na nje, vya kijani kibichi usile, na ukitaka kuviponda ponda kwa mkono. Ukiviweka kwenye blenda vinatoka gundi. Mayai, rojo ileile ya nyanya ya maharage inayafaa: fanya vishimo kwa kijiko, pasulia yai kila kishimo, funika, dakika 5 hadi 8. Yai linaloelea kwenye maji ni zee, si lazima liwe bovu; lipasulie kwenye kikombe pembeni kwanza, pua iamue.

Sasa umelowesha, umechambua, umechemsha, umeunga, jasho limekukauka mgongoni. Unapakua. Anakuja yule mfunua vifuniko, anachungulia sahani, anauliza: "Leo tena maharage?" Usijibu. Nusu kilo ile imekuwa zaidi ya kilo moja, na kwenye friji inakaa siku 3 au 4. Kesho yaponde, yakaange kwenye mafuta kidogo mpaka chini yawe na ukoko, yapake kwenye mkate. Keshokutwa ongeza maji, viazi 2, na kabichi iliyobaki, iite supu. Ile isiyoliwa igandishe ikiwa na maji yake, usijaze chombo mpaka juu kwa sababu inavimba, na andika jina na tarehe, maana baada ya wiki 2 rojo ya nyanya na maharage yaliyogandishwa havitofautiani. Atakula zote hizo bila kutambua. Akiuliza tena, mkabidhi mwiko.